Udongo wa Mlangoni

Mama mkwe wangu alimwona Bikira Maria akiosha viazi. Niseme vizuri, maana nafundisha Kiswahili katika sekondari ya kutwa na wanafunzi wangu hawanisamehe: aliyekuwa akiosha viazi ni mama mkwe. Bikira alikuwa amesimama tu ng'ambo ya chemchemi, chini ya migomba yetu, kitambaa kichwani, miguu mitupu, na lile tope jekundu lisilomwachia mtu yeyote halikuwa limemshika.

Hivyo ndivyo alivyotueleza. Alipanda kutoka chemchemini na beseni la viazi, nusu vimeoshwa, nusu bado vina udongo, akaketi kwenye kizingiti cha jikoni. Akasema kwa sauti ya mtu anayeeleza bei ya ndizi sokoni, "Kuna mama nimemkuta huko chini. Ametuma maneno."

Mimi nilizaliwa Msabato. Nimelelewa Nyanchwa, nikafundishwa kwamba waliokufa wamelala na hawajui neno lolote mpaka parapanda ilie, hata wawe mama wa nani. Nikaolewa huku Nyamira na Mkatoliki kwa sababu alikuwa na kicheko kizuri, nikahamisha ibada yangu kutoka Jumamosi hadi Jumapili, na mama yangu mzazi hakunisemesha mpaka nilipojifungua. Kwa hiyo siku ile ya viazi nilimtazama mama mkwe nikawaza, presha imepanda. Nikamletea maji. Akanywa, akarudisha kikombe, akasema aliyotumwa kusema.

Maneno yenyewe yalikuwa machache. Kila nyumba ya kilima hiki, ya Mkatoliki na ya Msabato, ilete udongo wa mlangoni pake, pale watu wanapokanyaga wakitoka na kuingia. Udongo wote umwagwe mahali pamoja kando ya chemchemi. Padri akabidhi kilima mikononi mwa Mama, na akitaje kwa jina lake. Yakifanyika hayo, radi haitachukua tena mtu wa kilima hiki.

Mtu wa mahali pengine atashangaa kwa nini radi. Kwenu kuna mbu, kwetu kuna radi. Mvua zikianza, kila alasiri wingu linapanda kutoka upande wa ziwa, linakaa juu ya mashamba yetu ya chai, na kazi inaanza. Inaua ng'ombe, inapasua miti, inaingia madarasani. Mama mkwe ilimwachia ujane: mumewe alipigwa akichuma chai, kikapu kikiwa mgongoni. Mimi na digrii yangu, radi ikilia huzima simu, huvua bangili, na huketi kitandani nimekunja miguu kama kuku anayeatamia. Sioni haya kusema hivyo.

Jambo lililokuwa gumu ni udongo. Kwetu mtu hatoi vitu vyake ovyo. Ukinyolewa, nywele unaziokota mwenyewe. Kucha unazitupa chooni. Na udongo uliokanyagwa na watoto wako kila asubuhi ndio usiseme: huo akiupata omorogi, yaani mchawi, amekupata wewe na nyumba yako yote. Sasa hapa mjane mmoja anawaambia watu wa kilima kizima wauchote kwa mikono yao wenyewe, wauache chini ya nyumba yake.  Mume wangu hufanya kazi ya ofisi Kenyenya na hurudi mwisho wa wiki. Aliporudi Ijumaa ile nilimwambia, "Mama yako atatuletea balaa." Akacheka kile kicheko chake. Safari hiyo hakikunisaidia.

Watu walikubali. Walikubali kwa sababu waliogopa radi kuliko walivyoogopana, au hivyo ndivyo nilivyodhani. Katekista wetu wa kigango, mtu wa suti ya kahawia na maneno mazito, alilichukua jambo lile likawa lake. Padri hakulipenda sana. Yeye si mtu wa huku, husema nasi kwa Kiswahili, na alieleza taratibu kwamba Kanisa haliharakishi mambo ya maono. Angebariki chemchemi tu, kama anavyobariki kisima au pikipiki mpya, na watu wakitaka kuleta udongo, walete. Nafasi aliyokuwa nayo ilikuwa Jumamosi. Katekista akafurahi, maana Jumamosi ni siku ya Mama Maria.

Hakuna aliyekumbuka kwamba nusu ya kilima siku hiyo wako kanisani kwao hadi jua lizame, na hawabebi hata jembe. Nilimkumbusha katekista mimi. Akanitazama kama mgeni aliyeingia jikoni kufunua sufuria. Basi Wasabato wakaleta udongo wao Ijumaa mapema, wengine kwenye makopo ya rangi, wengine kwenye sufuria zilizotoboka, wakauacha kwetu barazani na kuondoka bila kugeuka nyuma.

Jumamosi padri alinyunyiza maji ya baraka, akamwomba Mama wa Mungu aiangalie nchi yetu ya Kenya na parokia yetu yote, akala ndizi na nyama kwetu, akaenda zake. Udongo ukabaki kama kichuguu kando ya maji. Mama mkwe alilala mchana ule usingizi mzito ambao sikuwahi kumwona akilala.

Msimu ule radi ilipasua mkaratusi wa shule, basi. Msimu uliofuata ilipiga shamba tupu. Hakuna mtu aliyeguswa. Watu wakaanza kumsalimia mama mkwe wakiinama kidogo, na mimi, mtoto wa Nyanchwa, nikajikuta siku moja nachota maji pale huku nikisema pole kimoyomoyo kwa mtu nisiyemwona.

Kisha, katika mvua za mwaka huu, radi ikamchukua binti wa jirani yetu wa upande wa juu. Mtoto wa Gredi ya Nne. Alikuwa amejikinga chini ya ukingo wa paa la jikoni kwao pamoja na mdogo wake wa kike. Mdogo akaingia ndani kufuata kiazi cha kuchoma. Mkubwa akabaki nje.

Nilifika kabla ya watu wengi. Niliyoyaona sitayaeleza. Nitasema tu kwamba baba yake alikuwa amemshika miguu na anaisugua, anaisugua kwa nguvu, kama unavyosugua miguu ya mtoto aliyetoka kwenye baridi. Mama mkwe alipofika, watu walimpisha njia. Walikuwa wamezoea kumpisha, lakini mara hii waliokuwa na watoto mgongoni waligeuka upande ili mtoto asitazamane naye. Hapo woga wangu ulianza, na sidhani kama umeshatulia.

Matangani ndipo ubishi ulipoanza. Kazi yangu ilikuwa kugawa chai, kwa hiyo nilisikia kila benchi. Swali lilikuwa moja: ombi la Mama lilitimizwa sawasawa au halikutimizwa?

"Siku ilikuwa mbaya," akasema mzee mmoja. "Sisi tulileta mchanga, lakini sisi wenyewe tulikuwa kanisa. Na ombi lilisema kilima yote."

"Padri hakutaja kilima," akasema mwingine. "Alisema Kenya. Sasa Kenya ni kubwa hivi, Mama atajuaje ni hapa?"

"Na kwa nini askofu hakuitwa?"

"Askofu aje kuangalia mchanga?"

Katekista alikuwa ameketi na kikombe chake, hana haraka. "Kila kitu kilifanyika sawasawa," akasema. "Nilisimamia mimi. Tusimtafutie Mama makosa."

Mwanzoni nilidhani ni maneno ya matangani, ya kupitisha muda. Nikasogea benchi la nyuma na birika, na hapo nikamsikia mwanamume mmoja akimwambia mwenzake kwa sauti ya chini, "Kama kila kitu kilifanyika sawa na mtoto amekufa, basi huyo omong'ina alitudanganya. Na kama alitudanganya, mchanga yetu alikuwa anataka ya nini?"

Omong'ina ni mwanamke mzee, neno la heshima tu. Lakini namna alivyolitamka! Chai ilinimwagikia mguuni na sikusikia moto.

Nilipokuwa msichana mdogo niliwahi kuona moshi mchana, ng'ambo ya mto, moshi mweusi wa nyumba. Shangazi yangu alinivuta ndani akafunga dirisha. Nilimuuliza ni nini kinaungua. Akasema ni nyumba ya bibi mmoja. Nikamuuliza, na bibi yuko wapi? Akanipa ndizi mbivu nile. Hakunijibu mpaka anakufa, na ile ndizi ndiyo iliyokuwa jibu.

Basi pale matangani, birika mkononi, nilielewa hesabu ilivyokaa. Ikiwa ombi halikutimizwa, kosa ni la padri, au la siku, au la askofu ambaye hata hajui tuko wapi. Ikiwa lilitimizwa, kosa ni la mama mkwe, na udongo wa kilima kizima umekusanywa chini ya mlango wake. Katekista na kiburi chake alikuwa anamtetea Bikira huku anamchimbia kaburi mtumishi wa Bikira.

Nilimfuata alipotoka kwenda msalani, sikujali aibu. "Katekista, kubali kosa moja. Moja tu. Sema siku haikufaa."

"Wewe unataka niseme tulimfanyia Mama Maria kazi mbaya?"

"Nataka mama mkwe wangu aishi."

"Mama atamlinda," akasema, akafunga mlango wa choo.

Kuanzia saa ile nikawa mtetezi mkubwa wa makosa. Mimi ambaye sikuamini hata kidogo siku ya viazi, nilizunguka kilima nikishangilia kila aliyelalamika. Anayesema padri hakutaja kilima, namwitikia kwa sauti. Anayesema Wasabato hawakuwepo, naongeza kwamba mimi nilionya. Niliwaeleza hata maji ya baraka yalikuwa kidogo. Lakini watu wana masikio yao. Walinisikiliza kwa adabu, kisha wakaulizana pembeni kwa nini mke wa mwanawe anahangaika hivyo.

Walikuja siku ya pili baada ya mazishi, mchana, jua linawaka. Mume wangu alikuwa amerudi Kenyenya. Mimi nilikuwa sebuleni nasahihisha insha, mama mkwe yuko uani anachambua chinsaga, ile mboga yetu chungu. Nikasikia mbwa akibweka. Kisha nikasikia mbwa amenyamaza.

Walikuwa wanaume, na wanawake pia, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Wanawake wakiingia kwako mchana na hawasalimu, ujue kuna jambo limeshaamuliwa. Mbele alikuwa baba wa marehemu. Mkononi alishika mtungi wa plastiki wa njano. Kila boma la huku lina mitungi kama ile, tunatekea maji. Lakini sikuweza kuuondolea macho. Nilisimama kati yake na mama mkwe huku ninanusa, nanusa kama mbwa, na pua yangu haikuniambia kitu ila harufu ya jasho langu.

"Omong'ina," akasema, "mchanga yetu iko wapi?"

Mama mkwe hakuinuka. "Iko pale mliiweka."

"Uliichukua ya nini?"

"Sikuchukua. Mliombwa, mkaleta."

"Ulisema radi haitagusa mtu. Mimi nilileta mchanga. Nilikuja, nikapiga magoti kwa hiyo tope. Kila kitu nilifanya. Sasa mtoto yangu ako wapi?"

 Nilimtafuta katekista kwa macho. Alikuwa nyuma kabisa, suti yake imekunjamana. Nikamwomba kwa uso wangu wote aseme hata neno moja. Akalisema, mpumbavu yule: "Ibada ilikuwa kamili. Siwezi kukana."

Umati ukasogea. Nikasema, "Mtanipitia mimi kwanza," nikakusudia kusema kwa ukali, ila sauti iliyotoka ilikuwa ya mbuzi. 

Kijana mmoja niliyemfundisha akaniambia, karibu kwa upole, "Madam, toka hapo. Hatuna noma na wewe."

Ndipo mama wa mapacha aliposema. Huyu ni jirani yetu wa chini, Msabato, mwenye ulimi ambao mimi mwenyewe nimeshagombana nao kisimani na sokoni. Sikumtegemea kwa lolote. Alikuwa amekuja na wale wengine, hakuja kutusaidia.

"Mchanga yangu haiko huko," akasema.

Baba wa marehemu akageuka. "Nini?"

"Nimesema mchanga yangu haiko huko kwa maji. Nilichota kwa barabara, pale kwa kituo cha chai. Nitoe mchanga ya mlango yangu, na watoto wangu wamezaliwa wawili, na macho ya watu mnayajua? Mimi si mjinga."

 Kisha mzee aliyelalamikia Jumamosi akakohoa. Udongo wake ulitoka uwanja wa shule. Mwanamke aliyekuwa karibu naye akasema wake ulitoka mtoni, ila aliufikicha vizuri ufanane na wa nyumbani. Mmoja baada ya mwingine, wakitazama chini, wakitaja barabara, daraja, shamba la kanisa. Wote! Kilima kizima kilikuwa kimeleta makopo yake, kila mtu akidhani mwongo ni yeye peke yake.

"Katekista je?" akauliza mama wa mapacha, ambaye sasa nilikuwa tayari kumbusu.

Katekista alisafisha koo. "Wangu ni wa uwanja wa kanisa," akasema. "Nilionelea ni mtakatifu zaidi."

Mtu mmoja akacheka, kisha akakatiza kicheko, kwa sababu baba wa marehemu alikuwa ameweka mtungi chini. 

"Mimi nilichota kwa shamba ya ndugu yangu," akasema.

Sote tunajua ugomvi wake na nduguye. Ni mpaka mdogo, mstari wa migomba, umewamaliza.

"Nilisema kama kuna mtu wa kurogwa, wacha arogwe yeye. Nikaleta ya kwake. Ya kwangu nikaacha. Mlango yangu haikuwa huko." Akaketi kwenye nyasi, mtu mzima, na kulia alivyolia sipendi kukumbuka.

Mama mkwe akainuka mara ya kwanza tangu waingie. Akamwendea, akamwekea kichwani mikono yenye majani ya chinsaga, akaiacha hapo. Watu wakaondoka wachache wachache. Mtungi ulibaki umesimama uani. Jioni nilipochungulia, mtu alikuwa ameshauchukua. Mpaka leo sijui ulikuwa na nini.

Unaweza kudhani woga wangu uliishia hapo. Mimi pia nilidhani hivyo kwa siku chache. Ikaamuliwa ibada irudiwe, na sasa ifanywe kama Mama alivyosema, bila kupunguza. Aliyelibeba jambo alikuwa baba wa marehemu. Yule aliyekuja kwetu na mtungi sasa alizunguka nyumba kwa nyumba na jembe, akisimama mlangoni pa kila mtu mpaka udongo uchotwe mbele ya macho yake. Hakulala, hakula vizuri. Alienda hata kwa nduguye. Padri alipoona uso wake hakubisha tena: ingekuwa Jumapili alasiri, Wasabato wote waje, na angekitaja kilima kwa jina. Kilima kizima kilikuwa na furaha fulani ya aibu, kama familia iliyomaliza kugombana.

Nilikuwa nimesimama mbele ya wanafunzi kwenye gwaride la asubuhi, mtu anasoma matangazo, wazo likaniingia. Safari ya kwanza kilichomwokoa mama mkwe ni makosa. Udongo wa uongo ndio uliomtoa mikononi mwao. Sasa makosa yote yanasahihishwa, moja baada ya jingine, kwa bidii na kwa machozi. Jumapili ikipita hakutakuwa na siku mbaya, wala jina lililosahaulika, wala udongo wa barabarani. Na radi ya kwetu naijua. Ikirudi kumchukua mtu, mama wa mapacha atakuwa na nini cha kusema?

Nilimwendea jikoni Jumamosi jioni. Alikuwa anasonga ugali wa wimbi.

"Mama, safari hii kila kitu kitakuwa sawa."

"Ee. Itakuwa sawa."

"Na radi ikirudi?"

Mwiko haukusimama. "Unauliza kama Mama ni mwongo?"

"Yeye simuulizi. Nauliza hawa watu watasema nini."

Aliendelea kusonga mpaka ugali ukaiva, akaugeuza kwenye sinia, akaulainisha kwa kibuyu chenye maji kama afanyavyo siku zote.  Nilijuta kumuuliza, maana mwanamke huyu alikuwa amengoja muda wote huu watu watimize neno aliloachiwa chemchemini, na usiku wa kuamkia Jumapili angepaswa kulala kwa furaha. Mimi nimemlaza na swali langu.

Jumapili asubuhi nilishuka barabarani kumtafuta mtu wa bodaboda anipelekee ujumbe kwa mwenye viti vya kukodi. Pale kwenye kituo cha chai, ambapo majani hupimwa siku za kazi na Jumapili hapana mtu, nilimwona mama mkwe. Alikuwa ameinama ukingoni mwa barabara na bakuli lake la bati, anachota. Udongo wa pale una kokoto nyekundu, mtu yeyote wa huku angeutambua. Wa mlangoni petu ni mweusi, kwa majivu na maji ya kuoshea vyombo.

Nilisimama. Akaniona. Hakuficha bakuli.

Nyumba yetu ndiyo pekee ambayo baba wa marehemu hakuikagua. Angewezaje kuikagua? Mama mkwe ndiye aliyeletewa maneno.

"Mama," nikasema, "huo ni wa barabarani."

"Ni wa barabara."

Akatoa fundo la kanga, akafungua, ndani mna majivu ya jikoni. Akayanyunyiza juu ya udongo, akachanganya kwa kidole mpaka rangi ikafanana. Alifanya kazi ile kwa makini, kama mtu anayetia chumvi mchuzi wa wageni. 

"Mama wa Mungu anaweza kungoja," akasema. "Hawa watu hawawezi. Radi ikirudi, lazima kosa liwepo."

Kisha akasema, "Na mimi naogopa, mwanangu."

Alasiri ile kilima chote kilikuwa chemchemini, Wakatoliki na Wasabato, hata waliokuwa hawasalimiani. Padri alikitaja kilima kwa jina, kisha akakitaja tena. Kila nyumba ikapita na kumwaga. Baba wa marehemu alimwaga udongo wake akiwa amemshika mkono yule binti mdogo, aliyekuwa ameingia ndani kufuata kiazi. Mwisho kabisa akaja mama mkwe, akamimina bakuli lake, na watu wakaimba. Nilikuwa nimesimama karibu. Niliona kokoto moja nyekundu ikibingirika kutoka juu ya kile kichuguu mpaka miguuni pa padri. Nikaikanyaga.

Sasa ni mvua tena. Kila siku baba wa marehemu akipita hutusalimia kwa furaha, hutuletea parachichi, humwita mama mkwe mama yake. Mimi siamini kwamba udongo unazuia radi. Nauambia hivyo moyo wangu, na nauambia kwa Kiswahili sanifu. Lakini siku moja moja naamini, na siku hizo najua kwamba kuna mlango mmoja tu kwenye kilima hiki ambao udongo wake haukutolewa, nao ni wetu. Nikiamini, naogopa kwa ajili ya mtoto wa watu. Nisipoamini, naogopa kwa ajili ya mama mkwe. Sijapata siku ya kupumzika.

Yule binti mdogo hupita mbele ya lango letu akitoka shule. Wingu likipanda kutoka upande wa ziwa, mimi husimama langoni nikijifanya naanua nguo. Mama mkwe husimama kwenye kona ya jikoni, rozari mkononi, akijifanya anafukuza kuku. Tunatazama barabara ileile. Mtoto akishapita na kufika kwao, tukasikia mlango wao ukifungwa, tunaingia ndani, na hakuna anayemuuliza mwenzake alikuwa anatazama nini.